Silsila ya Makosa: Tarihi ya Elimu Moja Iliyofika Eastlands

Mitaa iliyoko mashariki mwa jiji la Nairobi, ambayo wenyeji na wageni huiita kwa jina moja la Eastlands, haikujengwa kwa siku moja wala kwa nia moja. Pumwani iliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipokusudia kuwakusanya Waafrika wa mji mahali pamoja chini ya uangalizi wake. Shauri Moyo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya waliohamishwa kutoka Pangani. Kaloleni ikasimama katika miaka ya 1940. Mbotela na Ofafa zikapewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa katika zama za Hali ya Hatari. Na baada ya uhuru zikaja Buruburu, Umoja na Dandora, hii ya mwisho ikiwa ni mradi wa miaka ya 1970 uliosaidiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo mwananchi alipewa kiwanja chenye maji na choo ili ajijengee mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Kila mtaa ulijulikana kwa kazi yake: Muthurwa na Makongeni kwa watu wa reli, Gikomba na Burma kwa wafanyabiashara, na Kamukunji kwa mafundi wa jua kali wafuao mabati na vyuma. Katika orodha hiyo imeingia, kwa muda usiozidi umri wa kizazi kimoja, kazi ya kutunga programu za kompyuta. Nami nimekusudia kueleza tarihi ya elimu moja tu iliyomo ndani ya kazi hiyo, nayo ni elimu ya kuusoma ule waraka ambao programu huuacha inapokufa.

Yafaa kwanza tubainishe waraka huo ni kitu gani. Programu, hata iwe ndogo namna gani, haiwi kipande kimoja. Hugawanywa katika sehemu zinazoitwa funksheni, kila moja na kazi yake, na funksheni moja ikihitaji kazi ya nyingine huiita, kisha hungoja jawabu kabla ya kuendelea. Ile iliyoitwa huenda nayo ikaita ya tatu, na ya tatu ikaita ya nne, hata zikawa nyingi zinazongoja, kila moja imesimama pale pale ilipotoa mwito. Na mashine, ili isipotee njia ya kurudi, huiweka kumbukumbu ya kila mwito juu ya kumbukumbu ya mwito uliotangulia, kwa namna ya rundo ambalo kilichowekwa mwisho ndicho huondolewa kwanza. Likitokea jambo ambalo funksheni ya mwisho haina uwezo nalo, mathalani kugawanya kwa sifuri, au kufungua faili lisilokuwapo, au kutafuta kitu katika sanduku lisilokuwa nacho, hapo hutolewa kile ambacho watunga programu hukiita eksepsheni, nacho hupanda kutoka funksheni hadi funksheni kikitafuta wa kukipokea. Na asipopatikana, programu husimama, na kumbukumbu za rundo lile huchapwa moja baada ya moja, kila moja ikitaja jina la faili, nambari ya mstari na jina la funksheni iliyokuwa ikingoja. Vijana wa Nairobi huuita waraka huo stakitresi. Mimi katika makala haya nitauita silsila ya miito.

Msomaji aliyelelewa karibu na vyuo vya Kurani vya Pumwani au vya pwani hatauona mpango huo kuwa mgeni, kwa maana ndio mpango wa isnadi katika elimu ya hadithi za Mtume: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata mapokezi yakafika kwenye asili, kisha hufuata matini yenyewe. Maulamaa waliotangulia, akiwamo Imamu Bukhari aliyefariki mwaka wa 870, hawakuikubali habari kwa uzuri wa matini peke yake. Walimpima kila mpokezi kwa jina lake, wakauliza kama alikutana kweli na yule aliyemtaja, na habari nyingi zilizopendeza masikioni ziliachwa kwa sababu ya kiungo kimoja dhaifu. Msomaji wa silsila ya miito ana wajibu uo huo: ujumbe wa kosa ni matini, majina ya funksheni ni isnadi, na asomaye matini akaiacha isnadi huwa bado hajasoma.

Walakini elimu hii haikuzaliwa siku moja na kompyuta. Alan Turing, katika mapendekezo yake ya mashine iliyoitwa ACE, aliyoyaandika mwishoni mwa mwaka wa 1945, alieleza jinsi mashine itakavyoifukia anwani ya kurudia na kuifukua baadaye kazi ndogo iishapo. Na mwaka wa 1957 Wajerumani wawili, Friedrich Bauer na Klaus Samelson, waliomba hataza ya mpango wa rundo kama tunaoujua leo. Lakini katika miaka hiyo rundo lilikuwa njia ya kurudi tu, halikuwa shahidi. Kule Cambridge, Uingereza, mashine ya EDSAC ilipofanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, na David Wheeler akabuni njia ya kipande cha programu kuitwa kutoka popote na kurudi kwa aliyekiita, ndipo Maurice Wilkes, aliyeisimamia kazi ile, alipotambua kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki ingekwenda katika kuyatafuta makosa ndani ya programu alizozitunga mwenyewe. Utambuzi huo ulikuwa na athari kubwa, kwa kuwa kabla yake wengi walidhani ya kwamba mtu makini akiandika kwa uangalifu ataandika sahihi.

Mwenzao Stanley Gill ndiye aliyeligeuza jambo hilo kuwa taaluma. Mwaka wa 1951 alichapisha makala juu ya namna ya kuyatambua makosa katika programu za EDSAC, na humo akaeleza njia mbili ambazo hata leo hazijatoka mikononi mwetu. Ya kwanza ni kuichunguza maiti: programu ikishakufa, huchapwa yaliyokuwamo katika kumbukumbu za mashine, na mtunzi hukaa na karatasi akatafuta lililoharibika. Ya pili ni kuifuata programu ingali hai, kila agizo linapotekelezwa alama yake ikichapwa, hata msomaji akaona njia yote iliyopitwa. Njia ya kwanza ni ya haraka lakini ni bubu, kwa sababu maiti haisemi ilikopita. Ya pili inasema kila kitu, lakini mashine hutembea polepole mno. Silsila ya miito tunayoisoma leo ni zao la ndoa ya njia hizo mbili, kwani huchapwa baada ya kifo kama ile ya kwanza, na hueleza njia kama ile ya pili.

Ndoa hiyo haikufungwa upesi. Katika miaka ya 1960 na 1970, zama za mashine kubwa kama System/360 ya IBM iliyotangazwa mwaka wa 1964, programu iliyokufa iliacha bunda la karatasi lililojaa tarakimu za msingi wa kumi na sita, na mtunzi alilazimika kuzifuata anwani kwa kidole na kalamu, akihama kutoka eneo moja la hifadhi hadi jingine, ili ajue nani alimwita nani. Kosa mashuhuri la zama zile lilikuwa na alama ya 0C7, lililomaanisha kwamba mashine ilitakiwa kufanya hesabu juu ya kitu kisichokuwa tarakimu. Aghalabu asili yake ilikuwa nafasi tupu iliyoachwa na karani mahali palipotakiwa sifuri. Kompyuta za kwanza za Kenya ziliingia katika miaka hiyo hiyo ya 1960, katika idara za serikali na mashirika makubwa, zikafungiwa katika vyumba baridi vya katikati ya mji. Watu wa Eastlands walizijua kwa matunda yake tu, yaani hati za mshahara na bili zilizochapwa. Na elimu ya kuisoma karatasi ya kifo ilikuwa mali ya wachache walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Wakati huo, kwingineko, wataalamu walikuwa wakiitengeneza lugha ya makosa. PL/I, lugha ya IBM ya katikati ya miaka ya 1960, ilimpa mtunzi uwezo wa kuandika mapema lifanywe nini likitokea jambo fulani. Mwaka wa 1975 John Goodenough alichapisha makala yaliyoyapanga mawazo ya eksepsheni kwa utaratibu. Na Barbara Liskov na wenzake, katika lugha ya CLU, wakaonyesha jinsi funksheni inavyoweza kutangaza waziwazi makosa inayoweza kuyatoa. Kisha zikaja lugha mbili ambazo ndizo zilizoifikisha silsila mikononi mwa umma. Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa mwaka wa 1991, na Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun mwaka wa 1995, ziliifanya silsila kuwa jambo la kawaida, lisilohitaji kuombwa: programu ikifa, mara hiyo hiyo, bila karatasi wala kalamu, majina ya funksheni zote zilizokuwa zikingoja huonekana mbele ya mtunzi. Kazi iliyomchukua fundi wa mwaka wa 1970 siku nzima ikawa imekwisha fanywa kabla mtu hajavuta pumzi, ikabaki kusoma.

Nayo ilifika Nairobi kwa wakati wake. Intaneti iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, na kabla ya muongo mmoja kupita saiba zilikuwa zimeenea Buruburu, Donholm na Umoja, vyumba vyembamba vyenye mashine zilizopangwa ukutani, na malipo yakihesabiwa kwa dakika, aghalabu shilingi moja. Hali hiyo ya kulipia dakika ilikuwa na hukumu yake juu ya mafunzo. Kijana aliyejifunza kutunga programu katika saiba hakuwa na anasa ya kujaribu hovyo. Kila jaribio lililokwenda kombo lilikuwa fedha, na aliyeweza kuisoma silsila mara moja akajua mstari wa kuurekebisha alikwenda mbali kwa shilingi hamsini kuliko aliyebahatisha kwa mia mbili. Taasisi nazo zilitia mkono. Starehe Boys' Centre, iliyoanzishwa mwaka wa 1959 jirani ya Pumwani na Ziwani, ilikuwa na mahali pa kompyuta katika mafunzo yake. Na NairoBits, iliyoanza takriban mwaka wa 2000, iliwafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini ufundi wa kutengeneza tovuti. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, bei ikashuka na mwendo ukaongezeka; na iHub, mahali pa kukutania watunga programu, ilipofunguliwa mwaka wa 2010 kwenye barabara ya Ngong, ng'ambo ya pili ya jiji, wapo vijana wa Eastlands waliopanda matatu mbili kila asubuhi kwenda kukaa na wenzao wa kazi hiyo.

Lakini jambo lililoifunga elimu hii na maisha ya mitaa yetu kwa fundo lisilofunguka ni fedha za simu. M-Pesa ilizinduliwa mwezi wa Machi mwaka wa 2007, na kwa muda mfupi kodi ya nyumba, nauli, karo na hela ya mboga vyote vikawa vinapita ndani ya simu. Na mwaka wa 2017 Safaricom, kampuni inayoiendesha M-Pesa, ikafungua Daraja, mlango ambao mtunga programu yeyote aliyesajiliwa anaweza kuupitia ili programu yake izungumze na M-Pesa. Tangu hapo kijana wa Kayole anaweza kumtengenezea mwenye ploti programu ya kukusanya kodi, akaiweka katika seva ya kukodi, na wapangaji wa fleti nzima wakalipa bila ya keateka, yaani msimamizi wa nyumba, kugonga mlango hata mmoja. Na programu hiyo ikikosea, kosa si la darasani tena. Ni fedha ya mtu.

Tuitazame silsila moja ya namna hiyo kwa karibu, maana ni ya kawaida kwa kila aliyepitia Daraja. Mpangaji hubonyeza kulipa. Kisanduku hujitokeza katika simu yake kikimtaka namba ya siri. Akiiweka, M-Pesa hutuma jawabu kwa seva ya mwenye programu, na ndani ya jawabu hilo mna fungu liitwalo CallbackMetadata lenye kiasi kilicholipwa, nambari ya stakabadhi na nambari ya simu. Mtunzi huijaribu programu yake kwa kulipa shilingi moja, hufanikiwa, hufurahi, huikabidhi. Jumamosi moja mpangaji anaghairi: anakifuta kisanduku bila ya kuweka namba ya siri. Seva inaandika katika daftari lake la matukio mistari hii, nami nimeyaweka maelezo yake kwa Kiswahili:

views.py, mstari wa 52, katika pokea_jawabu
malipo.py, mstari wa 31, katika hifadhi_malipo
malipo.py, mstari wa 14, katika soma_kiasi
KeyError: 'CallbackMetadata'

Python huupanga waraka wake kwa kumweka aliyeita kwanza juu, na aliyekuwa kazini wakati wa kifo chini, na chini kabisa matini: ufunguo wa jina la CallbackMetadata umetafutwa na haukupatikana. Asomaye mstari wa mwisho peke yake atakimbilia mstari wa 14, ataweka sharti la kusema kwamba fungu lisipokuwapo kiasi kihesabiwe sifuri, na waraka hautaonekana tena. Naye atakuwa ameharibu zaidi ya alivyotengeneza, kwani sasa daftari la mwenye ploti litakuwa na malipo ya sifuri, yenye sura ya malipo ya kweli. Asomaye kwa subira hupanda. Funksheni ya soma_kiasi haikukosa. Iliambiwa isome kiasi katika jawabu la malipo, nayo ikasoma. Hifadhi_malipo nayo haikukosa. Iliambiwa kuna malipo ya kuhifadhiwa. Ni pokea_jawabu, kule juu, mstari wa 52, iliyolipokea jawabu na kuliita malipo bila ya kuitazama nambari ya matokeo, ambayo huwa 0 ikiwa fedha imelipwa, na 1032 ikiwa mteja ameghairi. Na M-Pesa, pasipo malipo, hailiweki fungu lile, kwa kuwa hakuna kiasi cha kutajwa. Mahali programu ilipoanguka ni mstari wa 14. Mahali ilipokosea ni mstari wa 52. Na umbali ulio baina ya hayo mawili ndio sababu ya silsila kuandikwa yote, badala ya kuandikwa ncha yake tu.

Hiyo ndiyo siri ya elimu hii. Yapo mambo matatu ambayo msomaji mwenye ujuzi hufanya, na yote hupatikana kwa mazoezi. La kwanza ni kujua waraka unasomwa kutoka upande gani, kwa maana Java huupanga kinyume cha Python: matini huwa juu, kisha aliyekuwa kazini wakati wa kifo, kisha aliyemwita, hadi wa mwanzo chini. La pili ni kuwatenga walio wake na wasio wake. Programu za leo hujengwa juu ya maktaba kubwa zilizotungwa na wengine, na katika silsila ya mistari arubaini huenda thelathini na saba ikawa ya maktaba hizo, basi macho huruka hadi kwenye majina ya faili za msomaji mwenyewe, kwani maktaba inayotumiwa na maelfu ya watu aghalabu haina hatia. La tatu ni kutafuta sababu iliyo nyuma ya sababu. Tangu toleo la 1.4 la mwaka wa 2002, Java huweza kuonyesha kwamba eksepsheni moja imezaliwa na nyingine, na silsila ya mzazi huandikwa chini ya silsila ya mtoto. Na ikiwa vizazi ni vitatu, asili ya jambo iko kwenye kile cha chini kabisa, ambacho mwenye haraka hakifikii.

Waundaji wa lugha nao hawakulala. Tony Hoare, aliyeingiza katika lugha ya ALGOL W mwaka wa 1965 wazo la rejeo lisiloelekea kwenye kitu chochote, alisema hadharani mwaka wa 2009 kwamba hilo lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja, kwa hasara zilizotokana nalo. Na kosa la rejeo tupu ndilo lililowatesa watunzi wa Java kuliko mengine, kwa kuwa silsila ilitaja mstari bila ya kutaja ni kitu gani katika mstari huo kilichokuwa tupu. Matoleo ya Java tangu mwaka wa 2020 yanakitaja kwa jina, na Python ya 3.11, iliyotoka mwaka wa 2022, hupigia mstari sehemu ile hasa iliyoleta hitilafu. Katika muda wa miaka sabini na ushei, kutoka kwa Gill mpaka leo, kila kizazi kimeongeza neno moja katika ushahidi wa mashine, ili anayekuja baadaye asitaabike kama waliotangulia.

Kwa hivyo yahuzunisha kuona ushahidi huo ukifichwa. Katika lugha hizi zote mtunzi anaweza kuipokea eksepsheni kisha asifanye nayo lolote. Huandika kwamba likitokea kosa lolote, endelea. Programu hiyo haifi, wala haiachi waraka, na mwenye kuitumia huiona nzima. Lakini ndani yake malipo yanapotea, hesabu hazilingani, na siku ya kutafuta hapana alama hata moja ya kushika. Yupo pia anayeuonyesha waraka wote mbele ya mteja, hali una nambari za simu na majina ya watu ndani yake, jambo ambalo Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inamtaka alichukulie kwa hadhari. Njia ya haki iko katikati: mteja aambiwe kwa lugha ya adabu kwamba pana hitilafu, na silsila nzima ihifadhiwe katika daftari la seva lililofungwa, lisomwe na mwenye dhamana. Na kwamba kuacha kosa bila mpokeaji kunaweza kugharimu pakubwa, dunia ilishuhudia tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilipoangamia katika dakika ya kwanza ya safari yake ya kwanza, kwa sababu nambari kubwa ililazimishwa kuingia katika nafasi ndogo, eksepsheni ikatolewa, na hapakuwa na sehemu ya programu iliyoandaliwa kuipokea. Tume ya uchunguzi iliweza kuifuata njia ya kosa lile, kutoka mripuko hadi kwenye agizo lenyewe, kwa sababu kumbukumbu zilikuwapo.

Leo hatari imechukua sura nyingine. Zipo programu zinazojibu maswali kama binadamu, na kijana akizipelekea silsila yake humrudishia mstari wa kubandika katika muda wa sekunde chache. Sizikatai, maana nyingi hujibu vyema. Ila nasema kwamba hazikuwapo wakati mpangaji alipoghairi, wala haziujui mkataba uliopo baina ya mtunzi na mwenye ploti, na katika mfano wetu jawabu la kuhesabu kiasi kuwa sifuri ni jawabu ambalo mashine yaweza kulitoa kwa ufasaha mkubwa. Aliyekwisha kuisoma silsila mwenyewe ataupima ushauri huo na kuukataa ukistahili kukataliwa. Asiyeisoma hana mizani.

Basi ningependa mafunzo yageuzwe utaratibu. Katika madarasa mengi mwanafunzi hufundishwa kuandika mwezi mzima kabla ya kufundishwa kusoma makosa, na anapokutana na waraka wa kwanza wenye mistari mingi huuona kuwa aibu yake, akaufunga haraka mwenzake asiuone. Angepewa siku ya kwanza programu iliyovunjika kwa makusudi, na silsila yake imechapwa kwenye karatasi, akaambiwa aifuate kwa kalamu kutoka funksheni hadi funksheni, pasipo kuigusa kompyuta, angejua tangu mwanzo kwamba waraka ule hauna hasira naye. Kwa kazi hiyo hazihitajiki mashine nyingi wala umeme usiokatika. Kaloleni na Makadara zina matawi ya maktaba ya McMillan, yenye meza na viti na utulivu. Na kikundi cha vijana kumi, wakiwa na karatasi zao na mmoja aliyetangulia kuwaongoza, watajifunza pale kwa Jumamosi chache jambo ambalo wenzao wa saiba walilinunua kwa dakika.

Nami nalisisitiza jambo hili kwa ajili ya yule asiyetunga programu kuliko kwa ajili ya anayetunga. Mama anayeuza mboga Umoja, mpangaji wa Kayole, kondakta wa matatu anayekabidhi mapato ya siku kwa simu, hao hawataona silsila ya miito maishani mwao, lakini fedha zao hupita kila siku ndani ya funksheni zilizotungwa na watoto wa mitaa hii. Siku mmoja wao atakaposema amelipa na programu ikasema hakulipa, hatakuwa na shahidi mwingine isipokuwa waraka huo, na huo nao hautamfaa kitu ikiwa mtunzi aliuzuia usiandikwe, au uliandikwa na hapana aliyejua kuusoma. Kwa hiyo mtunga programu anayekubali kushika fedha za watu amekubali pamoja nazo wajibu wa kuiacha programu yake iseme kweli inapokosea, na wajibu wa kuisikiliza mpaka mwisho wa maneno yake. Na mwenye ploti, au mwenye chama, au mwenye matatu, anapomwajiri kijana wa kumtungia programu, ana haki ya kumuuliza kabla ya kumlipa: ikivunjika usiku, itaandika nini, itaandika wapi, na ni nani atakayesoma?